Sheria Haiui Lugha Wala Haiifufui: Funzo la Kilkenny

Wengi wetu tunaoshughulika na lugha tuna imani kubwa mno katika sheria. Kila tunapokutana katika makongamano, hoja huwa ni ileile: serikali itoe sera, bunge lipitishe mswada, wizara iamuru. Tunasahau kwamba sera ni karatasi, na kwamba makao ya lugha ni midomo ya watu. Iwapo kuna mji unaoweza kumthibitishia mtu ukweli huu kwa majengo, kwa michezo na hata kwa makaburi, basi ni mji wa Kilkenny, ulioko kusini-mashariki mwa Ireland, ambako nilipelekwa kikazi kwa muda wa siku tatu.

Kazi yenyewe haihitaji maelezo marefu. Tulikuwa watayarishaji wa vitabu vya kiada kutoka mataifa kadhaa, tukijadiliana kuhusu namna ya kuwaandikia watoto wanaosoma kwa lugha mbili. Vikao vilimalizika alasiri, na kwa kuwa jua la kiangazi katika nchi hiyo huchelewa kutua hadi karibu saa nne za usiku, nilipata wasaa wa kuutembea mji kwa miguu. Kilkenny si mji mkubwa. Mtu anaweza kutoka kwenye ngome iliyo upande mmoja hadi kwenye kanisa kuu lililo upande wa pili kwa mwendo wa robo saa tu. Hata hivyo, robo saa hiyo inapita katikati ya historia ya zaidi ya miaka elfu moja.

Jambo la kwanza linalomgusa mgeni ni mabango. Vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha mbili: Kiairishi juu, Kiingereza chini. Jina Kilkenny, likiandikwa kwa Kiingereza, ni sauti tupu isiyo na maana yoyote. Ukilisoma kwa Kiairishi, Cill Chainnigh, ndipo linaponena: ni kanisa la Mtakatifu Cainneach, mtawa wa karne ya 6. Kwa hiyo kila siku wakazi hulitaja jina la mji wao kwa lugha ambayo wengi wao hawaizungumzi. Mwalimu wa lugha hahitaji somo refu kuliko hilo kuhusu maana ya kupoteza.

Karibu na kanisa hilo kuu, lililojengwa katika karne ya 13, umesimama mnara wa mviringo wa mawe wenye urefu wa takriban mita 30. Mnara huo ulikuwapo kabla ya walowezi kutoka Uingereza kuwasili. Kwa ada ndogo, mgeni huruhusiwa kupanda ngazi zake nyembamba za mbao hadi kileleni. Nilipanda. Ukiwa juu, unaona jinsi mji ulivyokuwa umegawanywa. Chini ya kanisa kuna mtaa uitwao hadi leo Irishtown, yaani mji wa Waairishi. Ng'ambo ya kijito cha Bregagh ndipo ulipoanza mji wa walowezi wenye kuta, maduka na mahakama. Wakenya hatuhitaji kuelezwa maana ya mpango kama huo. Tuliona mitaa yetu ikigawanywa hivyo hivyo, huku wenye nchi wakiwekwa ng'ambo ya mto au ya reli.

Upande wa pili wa mji, kando ya mto Nore, ndipo ilipo ngome. Aliyeijenga kwa mawe mwanzoni mwa karne ya 13 ni William Marshal, mmoja wa mabwana wakubwa wa Kinormani. Ilikuwa na minara minne, na leo mitatu ingali imesimama. Ukoo wa Butler uliinunua mwaka 1391 na kuimiliki kwa zaidi ya miaka mia tano. Ni jengo la kutisha na la kupendeza kwa pamoja, na bustani zake pana hujaa watoto jioni. Lakini kilichonipeleka huko si uzuri wa jengo. Nilitaka kuuona mji ambako sheria maarufu zaidi dhidi ya lugha ya Kiairishi zilitungwa.

Mwaka 1366 bunge la watawala lilikutana Kilkenny chini ya Mwanamfalme Lionel wa Clarence, mwana wa Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza. Kilichowahangaisha wakubwa hao hakikuwa uasi wa Waairishi tu. Walihangaishwa zaidi na walowezi wenyewe. Wajukuu wa waliokuja kuitawala nchi walikuwa wameanza kuongea Kiairishi, kujiita majina ya Kiairishi, kuoa mabinti wa Kiairishi na kuwapeleka watoto wao kulelewa katika nyumba za Waairishi. Ndipo zikapitishwa Sheria za Kilkenny. Mlowezi alikatazwa kuzungumza Kiairishi. Alikatazwa kuoana na Waairishi, kufuata sheria zao za jadi, kuwakaribisha malenga wao na hata kupanda farasi kwa mtindo wao. Aliyepatikana akizungumza lugha hiyo angenyang'anywa ardhi yake hadi atoe mdhamini wa kuthibitisha kwamba atajifunza Kiingereza. Asiyekuwa na ardhi angetiwa gerezani.

Kuna mambo matatu kuhusu sheria hizo ambayo ningependa kila mwanafunzi wa isimujamii ayakumbuke. La kwanza ni kwamba ziliandikwa kwa Kifaransa! Wakubwa waliokuwa wakiwalazimisha watu kusema Kiingereza hawakuiona lugha hiyo kuwa na hadhi ya kutosha kuandikia sheria zao; walitumia Kifaransa cha Wanormani, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa enzi hiyo. La pili linamhusu Gerald FitzGerald, Mkuu wa Desmond, aliyeteuliwa mwaka uliofuata, 1367, kuwa mwakilishi wa mfalme nchini Ireland. Huyu, ambaye wajibu wake ulikuwa kuzitekeleza sheria hizo, alikuwa mtunzi wa mashairi, na mashairi yake aliyatunga kwa Kiairishi. La tatu ni mchezo wa hurling, unaochezwa kwa vigongo vipana na mpira mdogo. Sheria za 1366 ziliwakataza walowezi kuucheza. Leo hii kaunti ya Kilkenny ndiyo iliyotwaa ubingwa wa taifa wa mchezo huo mara nyingi kuliko kaunti nyingine yoyote, na nilipokuwa huko niliwaona vijana wakipita barabarani na vigongo vyao mabegani, mbele ya kuta zilezile.

Je, kwa nini sheria kali namna hiyo zilishindwa? Jibu si gumu. Yaya aliyemlea mtoto wa bwana alimbembeleza kwa Kiairishi. Mchuuzi sokoni aliuza kwa Kiairishi. Malenga aliyeburudisha wageni jioni alighani kwa Kiairishi. Lugha iliyokuwa na kazi jikoni, sokoni na barazani haikuweza kuondolewa na karatasi ya Kifaransa iliyofungiwa ndani ya kasha. Zaidi ya karne mbili baada ya bunge lile kuvunjwa, Kiairishi kilikuwa kingali lugha ya watu wengi nchini humo.

Basi ni nini kilichokuja kukidhoofisha? Hapa ndipo mgeni anapopaswa kuacha kutazama ngome na kutazama mambo yasiyopigwa picha na watalii. Katika karne ya 17 wenyeji walinyang'anywa ardhi. Kilkenny ulikuwa makao makuu ya muungano wa Wakatoliki walioasi kuanzia 1642, na mwaka 1650 majeshi ya Oliver Cromwell yaliuteka. Ardhi ilipobadilisha mikono, Kiingereza kikawa lugha ya kodi, ya mahakama, ya ajira na ya nauli ya kwenda ng'ambo. Kiairishi kikabaki lugha ya fukara. Mwaka 1831 serikali ya Uingereza ilianzisha shule za msingi za kitaifa, na masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Katika sehemu nyingi mtoto alivishwa shingoni kijiti kiitwacho kwa Kiairishi bata scóir, yaani kijiti cha hesabu. Kila alipoteleza akasema lugha ya mama yake, kijiti kilikatwa alama. Jioni alama zilihesabiwa, na mtoto akachapwa kwa kadiri ya hesabu hiyo.

Ajabu ni kwamba hakuna askari aliyemlinda mtoto huyo. Mara nyingi aliyekata alama alikuwa mzazi mwenyewe, na aliyechapa alikuwa mwalimu Mwairishi. Yale ambayo mwana wa mfalme na bunge lake hawakuyaweza mwaka 1366 yalikamilishwa na mzazi mwenye mapenzi ya dhati kwa mwanawe, aliyeamini kwamba lugha yake ni mkosi.

Halafu ikaja Njaa Kuu, iliyoanza mwaka 1845 baada ya ugonjwa kuangamiza viazi, chakula ambacho maskini walikitegemea. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wengi wakahama nchi. Walioumia zaidi walikuwa maskini wa mashambani, ambao ndio waliokuwa nguzo ya Kiairishi. Mwaka 2005, palipokuwa pakijengwa kituo cha maduka kando ya stesheni ya reli ya Kilkenny, mafundi walikumba makaburi ya halaiki. Pale palikuwa na nyumba ya serikali ya kuwahifadhi mafukara wakati wa njaa. Wataalamu wa akiolojia walifukua mifupa ya watu wasiopungua 970 waliozikwa baina ya 1847 na 1851. Zaidi ya nusu walikuwa watoto. Mifupa hiyo ilizikwa upya kwa heshima mwaka 2010, na bustani ya kumbukumbu ikatengwa hapo. Siku yangu ya mwisho nilikwenda kusimama mahali hapo. Nilifikiria hadithi, nyimbo na vitendawili vilivyoingia ardhini pamoja na watoto wale, maana lugha haifi ikiwa peke yake.

Hata hivyo, nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba walimu wote walikuwa upande wa kijiti. Katika mji mdogo wa Callan, kilomita chache kutoka Kilkenny, aliishi mwalimu mmoja, Amhlaoibh Ó Súilleabháin, ambaye kati ya 1827 na 1835 aliandika shajara yake kwa Kiairishi. Aliandika juu ya hali ya hewa, ndege, bei za vyakula, sherehe za kijijini na mateso ya maskini. Mwalimu huyu alikijua Kiingereza barabara na alikitumia kazini, lakini maisha yake ya kila siku aliyaandika kwa lugha yake. Leo wanahistoria wanaotaka kujua mtu wa kawaida alivyoishi katika sehemu hizo kabla ya njaa humgeukia yeye.

Mwalimu wa pili ni Thomas MacDonagh, ambaye stesheni ya Kilkenny imepewa jina lake. Alifundisha katika chuo cha St Kieran's mjini humo kuanzia 1901 hadi 1903, na ni huko alikojiunga na chama cha kutetea Kiairishi, kilichoundwa mwaka 1893. Katika barabara kuu ya mji kuna jumba la mawe liitwalo Rothe House, lililojengwa na mfanyabiashara mmoja mwaka 1594, ambamo wanachama wa harakati hizo walikuwa wakikutana. MacDonagh alikuwa mmoja wa watu saba waliotia saini tangazo la jamhuri mwaka 1916, na akapigwa risasi na serikali ya Uingereza mwezi Mei mwaka huohuo. Sijaona stesheni nyingi zilizopewa jina la mwalimu.

Uhuru ulipopatikana, Waairishi walifanya yote ambayo sisi tunayapigia kelele. Katiba yao ya 1937 inakitaja Kiairishi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Somo hilo ni la lazima shuleni. Tangu 2007 Kiairishi ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Matokeo yake ni yapi? Katika sensa ya 2022, watu wapatao 1,870,000, karibu asilimia 40 ya wananchi, walisema kwamba wanaweza kukizungumza. Lakini walipoulizwa ni nani anayekizungumza kila siku nje ya shule, waliojitokeza hawakufika 72,000. Mwenyeji wetu mmoja, mtu mzima mwenye elimu ya kutosha, aliniambia huku akicheka kwamba alisoma Kiairishi kwa miaka 13 na kwamba anachokumbuka vizuri ni namna ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Kicheko hicho hakikunifurahisha.

Nataka nieleweke. Sisemi kwamba katiba na mitihani havina faida. Bila sheria hizo huenda hata hao 72,000 wasingekuwapo, na shule zinazofundisha masomo yote kwa Kiairishi, ikiwamo moja mjini Kilkenny, zisingepata msaada wa serikali. Ninalosema ni kwamba sheria ni ua tu. Ua huzuia mbuzi kula mahindi, lakini hauyapandi wala hauyapalilii.

Sasa tujitazame. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kiitwacho Decolonising the Mind, alieleza jinsi kifungo kilivyopitishwa kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine katika shule za Limuru za miaka ya 1950, ili kumnasa aliyesema Kikuyu. Baina ya kijiti cha Ireland na kifungo cha Limuru pana takriban karne nzima, lakini mkono ni uleule. Wakoloni wameondoka, na zipo shule zetu ambako mtoto angali anaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama au hata Kiswahili siku isiyokuwa yake. Anayetoa adhabu ni mwalimu Mkenya, na anayeshangilia ni mzazi aliyelipa karo.

Vilevile tunazo sheria nzuri. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na inaitaka serikali ilinde lugha nyingine zote za wananchi. Lakini mwalimu wa Kiswahili akishatoka darasani, barua ya kumwalika mkutanoni ataandikiwa kwa Kiingereza, na mara nyingi ataijibu kwa Kiingereza. Hapo ndipo tunapofanana na yule mwenyeji wangu aliyecheka.

Wapo watakaonijibu kwamba Waairishi wamefanikiwa kwa sababu ya Kiingereza. Kwamba Jonathan Swift, ambaye alisomea Kilkenny akiwa mtoto, asingejulikana duniani lau angeandika kwa lugha nyingine. Hoja hiyo haina uzito inaodhaniwa kuwa nao. Hakuna anayedai kwamba tuache Kiingereza. Mwalimu wa Callan alikuwa na lugha mbili na hakuna iliyomkaba koo mwenzake. Swali ni kama ni lazima mtoto avishwe aibu ya lugha moja ndipo ajifunze nyingine. Hakuna mwalimu mwenye ujuzi wa kazi yake atakayesema ndiyo.

Ngome ya Kilkenny inaweza kutuonyesha njia. Ukoo wa Butler uliihama mwaka 1935 na mali iliyokuwamo ikauzwa kwa mnada. Kwa miaka mingi ilikuwa ikichakaa. Mwaka 1967 mkuu wa ukoo huo aliikabidhi kwa watu wa Kilkenny kwa bei ya pauni 50 tu. Hapo wenye mji waliiona kuwa yao, serikali ikasaidia kuikarabati, na leo jengo lililowekwa kuwatisha wenyeji ni uwanja wa watoto wao. Lugha nayo ni hivyo. Itadumu siku wenyewe watakapoacha kuiona kuwa mali ya wizara na kuanza kuiona kuwa yao.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tuanze na yaliyo mikononi mwetu, yasiyohitaji mswada wala bajeti. Kumbukumbu za mikutano ya idara ya Kiswahili na ziandikwe kwa Kiswahili. Kifungo, diski, au jina lolote kinaloitwa kifaa cha kumwaibisha mtoto, na kitupwe jalalani. Nanyi wanafunzi, mwulizeni babu au nyanya kitendawili kimoja kila mnapofunga shule, mkiandike kwa lugha yake kama alivyoandika mwalimu wa Callan. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wazee, na utumwa wa namna hii hauhitaji minyororo. Unahitaji kijiti tu, na mtu mwenye nia njema wa kukikata alama.